Mtakatifu Damiano wa Molokai

Leo nawaletea Padre Damiano, Mbelgiji aliyezaliwa 1840. Safari ya umisionari Hawaii ilikuwa ya kaka yake; kaka akaugua, yeye akaomba aende badala yake. Mwaka 1873 akahamia Molokai, kisiwa walikotengwa wagonjwa wa ukoma. Aliwafunga vidonda, akawajengea nyumba, akawachongea hata majeneza. Siku moja akatia mguu kwenye maji ya moto, asisikie kitu. Na yeye kaupata. Kusema kweli, mimi hapo ningejifungia ndani nilie. Damiano aliendelea na kazi hadi 15 Aprili 1889 alipofariki. Wakamzika chini ya mti aliolala siku zake za kwanza kisiwani.