Robert Serumaga: Mchumi Aliyeipa Ngoma Kazi ya Kusema

Ndugu wanachama, wana-Rungwe wa Tukuyu, Kiwira, Masoko na Busokelo, pamoja nanyi mlioko Mbeya, Dar es Salaam na ughaibuni,

Harambee ya mwaka huu ni ya ujenzi wa ukumbi wa ngoma na maigizo hapa Tukuyu. Baadhi yenu mmeuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini fedha ziende kwenye ngoma wakati zahanati na madawati bado vinahitajika. Katika kujibu, tumeona vema kuwasimulia maisha ya jirani yetu wa Uganda, marehemu Robert Serumaga.

Serumaga alizaliwa Buganda mwaka 1939. Hakuanzia kwenye ngoma. Alisomea uchumi katika chuo cha Trinity, Dublin, akapata shahada ya uzamili, kisha akafanya kazi redioni BBC mjini London. Msomi wa aina hiyo, katika Afrika iliyokuwa ndiyo kwanza inajitawala, asingekosa kiti serikalini. Yeye alirudi Kampala akashika kalamu na jukwaa. Mwaka 1969 alitoa riwaya ya Return to the Shadows, na tamthilia zake, zikiwemo Majangwa na The Elephants, zikafuata. Alianzisha pia kampuni ya maigizo, Theatre Limited, akaiendesha kama kazi kamili, wala si kitu cha kupitishia jioni.

Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na kusema hadharani kukawa hatari. Hapo Serumaga akabadili njia. Kundi lake, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Abafumi, yaani wasimulizi, lilipunguza maneno likaongeza mwili: ngoma, nyimbo, matambiko na hata ukimya. Alichukua vijana akawafundisha siku baada ya siku, mpaka mchezaji mmoja akaweza kucheza, kuimba na kuigiza bila kuonyesha mahali kazi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Huko Ulaya mcheza baleti ana jukwaa lake, mwigizaji ana lake, na mwimbaji wa opera ana lake. Serumaga hakuona sababu ya kuvitenga, kwa kuwa katika vijiji vya Afrika vilikuwa jambo moja tangu zamani.

Kazi yake iliyosifika zaidi ni Renga Moi, ya mwaka 1972, iliyotokana na simulizi ya Waacholi. Shujaa wa kijiji amepata watoto mapacha, na mila inamkataza kumwaga damu kabla matambiko yao hayajakamilika. Wakati huohuo adui anavamia. Je, awalinde wanawe au akilinde kijiji? Wazee wetu wataelewa uzito wake mara moja, kwani kwa Wanyakyusa pia kuzaliwa kwa mapacha kulikuwa na miiko na matambiko yake. Mwaka 1975 Abafumi waliupeleka mchezo huo London, katika msimu wa maigizo ya dunia kwenye ukumbi wa Aldwych.

Kazi nyingine, Amayirikiti, ya mwaka 1974, ilichukua jina la miti yenye maua mekundu. Iliongea kwa miili, karibu bila neno. Mauaji yaliyokuwa yakitendeka nchini yalichezwa jukwaani, na haikuwepo sentensi ambayo mpelelezi angeweza kuiandika na kuipeleka kwa wakubwa wake. Hatari ilikuwa ya kweli. Byron Kawadwa, kiongozi wa Ukumbi wa Taifa wa Uganda, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kupeleka mchezo wake wa nyimbo kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos.

Serumaga naye alikwenda uhamishoni. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, nchi yetu iliingia vitani, na Waganda waliokuwa uhamishoni wakakutana Moshi mwezi Machi 1979 kuunda umoja wao. Kampala ilipokombolewa Aprili mwaka huo, mcheza ngoma huyu akawa Waziri wa Biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo ilianguka mwezi Juni. Serumaga alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka ipatayo 40 tu.

Sasa tufunge hesabu, kama ilivyo desturi yetu sisi tunaoshika vitabu vya chama. Riwaya ya Serumaga ipo, na tamthilia zake za maneno zilichapwa. Lakini Renga Moi na Amayirikiti, kazi zilizompa jina duniani, hazikuchapwa. Zilikaa katika miguu na vifua vya vijana aliowafundisha. Vijana hao walipotawanyika, hapakuwa na ukumbi wala mfuko wa kulirithi kundi.

Nasi tuko hapohapo. Mtaalamu Monica Wilson aliandika kwa kirefu juu ya mila za Wanyakyusa baada ya kuishi Rungwe miaka ya 1930, zikiwemo ngoma za msibani ambazo wanaume walicheza wakiwa na mikuki. Vitabu vyake ni hazina, lakini hakuna kijana aliyewahi kujifunza kucheza ing'oma kwa kusoma kitabu. Mwalimu wake ni mzee aliye hai, na kila msimu tunazika wazee. Mvua za Tukuyu mnazijua: mazoezi ya uwanjani huahirishwa wiki hata wiki, na vijana hukata tamaa.

Ndiyo maana tunaomba bati, saruji, mbao na fedha, pamoja na posho ya wazee watakaofundisha. Zahanati na madawati vinabaki kwenye mpango wetu, na fungu la ukumbi halitagusa mafungu hayo. Kila mchango utapewa stakabadhi, na hesabu zitasomwa kwenye mkutano mkuu mbele ya wanachama wote. Dawati tukichelewa mwaka huu, fundi atalitengeneza mwakani. Mzee akiondoka na ngoma yake, hatuna fundi wa kumwita.

Karibuni tuchangie.