Robert Koch na homa ya papasi

Mama, huenda umeshaona hali hii: mtoto anashikwa na homa kali, kipimo cha malaria kinaonyesha hana, homa inapoa yenyewe baada ya siku chache, kisha inarudi. Homa ya namna hiyo ina sababu nyingi. Mojawapo ni homa ya papasi, na aliyefuatilia mahali inapojificha katika nchi yetu ni daktari Mjerumani, Robert Koch.

Koch alizaliwa mwaka 1843. Alianza kama daktari wa wilaya tu, akichunguza vijidudu kwa hadubini nyumbani kwake. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu, na jina lake likajulikana duniani. Alipofika Dar es Salaam mwaka 1905 alikuwa na miaka 61.

Siku hizo mizigo ilibebwa na wapagazi. Kilwa Kivinje na Lindi zilikuwa na njia zao za misafara kuelekea Ziwa Nyasa, na wapagazi walilala katika vibanda vilevile, leo kundi hili, kesho lile. Koch alifuata njia ya Dar es Salaam kwenda Morogoro hadi Iringa. Kwenye vituo alichimbua udongo mkavu chini ya paa, pale mvua isipofika, akakusanya papasi na kuwapasua. Kituo baada ya kituo aliandika wapi papasi wapo na wapi wana vijidudu. Ugonjwa ukaonekana umejipanga kando ya njia ya misafara.

Lakini aliwakuta pia katika vijiji vilivyo mbali na njia, na huko watu wazima hawakuwa wakiugua sana. Alieleza kuwa waliugua wakiwa wadogo, miili yao ikazoea. Hapo usipite haraka, mama: kinga ya wakubwa ilitokana na homa za watoto.

Aligundua jambo jingine lililo muhimu kwako hadi leo. Papasi jike hupitisha vijidudu kwenye mayai yake, hivyo kizazi kipya huzaliwa kikiwa tayari na ugonjwa. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kusumbua miaka mingi.

Hakuwa peke yake. Mwingereza Joseph Dutton alichunguza homa hiyohiyo mashariki ya Kongo, ikampata, akafia Kasongo Februari 1905 akiwa na miaka 30 tu. Kijidudu chake kikapewa jina la Dutton.

Ushauri wa Koch kwa wasafiri ulikuwa wasilale kwenye vibanda vya zamani, wapige hema mbali kidogo. Ushauri mzuri kwa ofisa. Mpagazi hakuwa na hema. Na baadaye, katika visiwa vya Sese, Uganda, dawa aliyowapa wagonjwa wa malale iliwapofusha baadhi yao. Alifariki mwaka 1910.

Wewe huna haja ya kuhama nyumba. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi kujificha. Mara nyingi hutamwona. Siriba nyufa, lala juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta badala ya mkeka chini, na chomeka chandarua vizuri.

Homa ikirudi, mpeleke mtoto kituo cha afya, eleza kwamba ilipoa ikarudi, na uulize kama damu inaweza kutazamwa kwa hadubini. Dawa ipo na inatibu. Usiinunue dukani kwa kubahatisha: saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda sana, na anahitaji kuangaliwa. Kama una mimba, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu homa hii inaweza kuharibu mimba au kumpata mtoto angali tumboni.