Clair Patterson: Mwanakemia aliyehoji risasi iliyomo katika damu ya binadamu

Tarehe 5 Desemba 1995, mwanakemia wa Marekani Clair Patterson alifariki dunia huko California akiwa na umri wa miaka 73. Siku 27 baadaye, sheria ya nchi yake ilipiga marufuku petroli yenye madini ya risasi kwa magari ya barabarani. Hakuiona siku aliyoipigania kwa miaka thelathini.

Patterson alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Iowa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki katika mradi wa bomu la atomiki, na huko ndiko alikojifunza kutumia mashine za kutenganisha atomi kwa uzito wake. Vita vilipokwisha alianza kupima risasi iliyomo katika kimondo ili kukadiria umri wa dunia. Vipimo vilikataa kuoana. Risasi ilikuwa ikiingia kutoka hewani, katika vumbi, hata katika nywele na nguo za watafiti. Ilichukua miaka kujenga maabara safi ya kutosha, na mwaka 1956 alitangaza kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, hesabu ambayo haijatikiswa hadi leo.

Wengi humkumbuka kwa hilo. Yeye mwenyewe alibaki na swali la ile risasi iliyomsumbua: ilitoka wapi, na imo kwa kiasi gani ndani ya miili yetu?

Wakati huo serikali ilitegemea vipimo vya daktari Robert Kehoe, aliyefadhiliwa na watengenezaji wa risasi ya petroli. Kwa miongo kadhaa Kehoe alipima damu na mkojo, akakuta risasi hata kwa watu wasiofanya kazi viwandani, akahitimisha kwamba ni jambo la kimaumbile na kwamba chini ya mikrogramu 80 kwa desilita ya damu hapakuwa na hatari. Tatizo halikuwa kupima, bali kulinganisha. Aliowapima waliishi wote katika dunia iliyokwisha kuchafuliwa, na kilichoonekana kuwa cha kawaida kikahesabiwa kuwa salama.

Mwaka 1965 Patterson aliandika kwamba Mmarekani wa kawaida alibeba risasi takriban mara 100 ya kiwango cha asili. Mwaka uliofuata alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Alilipia ujasiri huo: alipoteza ufadhili, na mwaka 1971 hakujumuishwa katika jopo la kitaifa la wataalamu wa risasi ya hewani, ijapokuwa ni wachache waliolijua suala hilo kumzidi. Hakunyamaza. Aliitafuta risasi katika barafu ya Greenland, kisha katika mifupa ya watu wa kale wa Peru, ambayo ilikuwa nayo kidogo mno kuliko ya Wamarekani wa zama zake.

Hatimaye serikali ilipima yenyewe. Kati ya mwaka 1976 na 1980, uchunguzi wa kitaifa wa afya ulikusanya damu ya maelfu ya watu wa majimbo mbalimbali. Kadiri risasi ilivyopungua katika petroli, ndivyo ilivyopungua katika damu, kwa takriban asilimia 37. Matokeo hayo yalifika wakati maafisa wakifikiria kulegeza masharti kwa wenye viwanda vya mafuta. Badala ya kulegezwa, masharti yalikazwa: mwaka 1985 iliamriwa risasi ipunguzwe katika petroli kwa takriban asilimia 90.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Mwaka huohuo Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa watoto hadi mikrogramu 3.5 kwa desilita. Kiwango cha asili alichokadiria Patterson hakifiki hata mikrogramu moja.