Samuel Plimsoll, Mbunge Aliyewatetea Mabaharia

Siku ukifika bandarini Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, tazama ubavu wa meli kubwa ya mizigo. Karibu na maji utaona alama. Ni duara lililokatwa katikati na mstari. Kando yake ipo mistari mingine mifupi yenye herufi.

Alama hiyo si pambo. Inaonyesha mwisho wa kupakia. Kila shehena inapoongezwa, meli hushuka kidogo majini. Maji yakiufikia mstari, upakiaji lazima ukome. Mstari ukifunikwa na maji, meli imezidiwa, na hairuhusiwi kung'oa nanga.

Watu wengi huiita alama hii mstari wa Plimsoll. Plimsoll ni jina la mtu. Hakuwa baharia wala fundi wa meli. Alikuwa mbunge. Hebu tusome habari za maisha yake.

1. Alionja umaskini

Samuel Plimsoll alizaliwa tarehe 10 Februari 1824 katika mji wa Bristol, Uingereza. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani. Kisha akawa meneja wa kiwanda cha bia katika mji wa Sheffield.

Mwaka 1853 alikwenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe. Biashara ikaanguka, akabaki hana kitu. Kwa muda aliishi katika nyumba za kulala maskini, pamoja na vibarua na watu waliokuwa wakitafuta kazi. Huko aliona jinsi wasio na kitu wanavyosaidiana kwa kidogo walicho nacho.

Baadaye biashara yake ilisimama tena, akapata mali. Lakini hakuwasahau watu wale. Mwaka 1868 wananchi wa mji wa Derby walimchagua kuwa mbunge wao.

2. Meli zilizoitwa majeneza

Siku zile Uingereza ilikuwa na meli nyingi sana za biashara. Wapo wenye meli waliojali maisha ya watu wao. Lakini wengine walipakia mizigo kupita kiasi. Wengine walipeleka baharini meli kuukuu zilizooza.

Utauliza, je, hawakuogopa hasara? Jibu ni bima. Mwenye meli hulipa fedha kidogo kwa watu wa bima. Meli ikizama, wao humlipa. Baadhi ya wenye meli walikata bima ya fedha nyingi kuliko thamani ya meli yenyewe. Meli ikifika salama, walipata faida. Ikizama, walipata pia. Aliyepotea ni baharia, na waliobaki wakilia ni mkewe na watoto wake.

Utauliza tena, kwa nini mabaharia hawakukataa kupanda? Sheria iliwabana. Baharia akiisha kutia sahihi mkataba, kisha akakataa kusafiri, aliweza kufungwa jela. Wengi walifungwa, ingawa waliona wazi kwamba meli ni mbovu. Ndiyo maana watu walizipa meli hizo jina la majeneza.

3. Kazi yake Bungeni

Plimsoll alitaka sheria mbili ndani ya moja. Kwanza, kila meli ikaguliwe kabla ya kusafiri. Pili, kila meli iwe na alama ya mwisho wa kupakia. Wazo la alama halikuwa lake peke yake. Mwenye meli mmoja, James Hall, alikuwa amekwisha kulidai. Lakini sheria hutungwa Bungeni, na huko ndiko Plimsoll alikolipeleka.

Haikuwa kazi rahisi. Baadhi ya wabunge walikuwa wenyewe ni wenye meli. Walisema kwamba serikali isiingilie biashara. Walisema pia kwamba meli za Uingereza zikiwekewa masharti, mizigo itachukuliwa na meli za nchi nyingine.

Plimsoll aliona kwamba maneno matupu hayatoshi. Alikwenda bandarini. Alizungumza na mabaharia na wajane. Alikusanya habari za meli zilizopotea. Mwaka 1873 alizichapa katika kitabu. Baadhi ya wenye meli walikasirika, wakamshtaki mahakamani. Lakini wananchi walikisoma kitabu kile, wakashtuka. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza jambo hilo.

Mwaka 1874 muswada wa Plimsoll ulipigiwa kura Bungeni. Ulishindwa kwa kura 3 tu.

Mwaka uliofuata serikali yenyewe ilileta muswada wake. Lakini tarehe 22 Julai 1875 Waziri Mkuu, Benjamin Disraeli, alitangaza kwamba muswada huo umeachwa kwa mwaka ule. Plimsoll alijua maana yake. Meli mbovu zingesafiri tena katika dhoruba za majira ya baridi.

Alishindwa kujizuia. Alisimama katikati ya ukumbi, akapaza sauti na kukunja ngumi. Aliwaita waovu wale waliokuwa wakiwapeleka mabaharia kufa. Spika akamwamuru atoke nje.

Baada ya wiki moja alirudi, akaomba radhi kwa kuvunja utaratibu wa Bunge. Lakini hakuyafuta mambo aliyoyaeleza juu ya meli. Wakati huo wananchi walikuwa wamekwisha kufanya mikutano mahali pengi wakidai sheria. Serikali ikalegea. Mwaka huo huo wa 1875 ilipitishwa sheria ya muda ya kuzuia meli mbovu zisisafiri. Mwaka 1876 ilipitishwa sheria kamili. Meli za Uingereza zilitakiwa kuwa na alama.

4. Sheria yenye tundu

Lakini sheria ile ilikuwa na tundu. Ililazimisha alama iwepo, ila mwenye meli ndiye aliyechagua pa kuichora. Mlafi aliweza kuichora juu sana, akaendelea kupakia kama zamani. Tundu hilo lilizibwa mwaka 1890. Tangu hapo mahali pa alama pakawa panaamuliwa na serikali.

Plimsoll aliacha ubunge mwaka 1880, lakini aliendelea kuwatetea mabaharia. Alifariki tarehe 3 Juni 1898. Mwaka 1930 mataifa mengi yalipatana kutumia alama ya namna hiyo katika meli zao.

Sasa unaweza kujua kwa nini mistari ni zaidi ya mmoja. Maji ya mto au ziwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo meli ile ile hushuka zaidi ndani yake. Na bahari ya baridi kali yenye dhoruba haipakiwi sawa na bahari yetu ya joto. Kila herufi ina maji yake na majira yake.

5. Sheria na sisi

Jambo hili si la Uingereza peke yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Kama tunavyoona, sheria nzuri hutafutwa kwa miaka, kwa habari za kweli na kwa sauti za watu wengi. Lakini ikiisha kupatikana, haijilindi yenyewe. Hulindwa na mkaguzi asiyepokea rushwa, na nahodha anayejua kusema basi. Hulindwa pia na abiria anayekubali kungoja safari ya pili.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini baadhi ya wenye meli hawakuogopa meli zao kuzama?
2. Sheria ya mwaka 1876 ilikuwa na tundu gani?
3. Katika kijiji chenu, ni chombo gani hupakiwa kupita kiasi? Nani anaweza kukizuia?