Julius Nyerere: Mwalimu Ambaye Hakuacha Kujifunza

Ndugu wanachuo, katika makala haya tumeona yafaa tuyatazame maisha ya Julius Kambarage Nyerere kwa upande wa ualimu wake. Upande wa siasa umekwisha kuandikwa na wengi. Jina la Mwalimu lilimkaa hata likawa kama jina lake la kuzaliwa, lakini ni nadra kwetu kuulizana alifundisha nini, alijifunza kwa njia gani, na ile kazi kubwa aliyoianzisha ya kuwafundisha watu kusoma ilifaulu wapi na ikapungukiwa wapi. Maswali haya yanamhusu kila mmoja wenu atakayepangiwa darasa la kwanza huko Mbagala, Tandale au Bunju, akakuta watoto ni wengi kuliko madawati.

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Hata hivyo, mtoto huyo hakutiwa shuleni mapema. Alichunga mifugo kama watoto wenzake, na alikuwa na umri wa miaka 12 alipoanza masomo mwaka 1934 katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Lugha aliyoijua ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alijifunza huko huko shuleni, wakati ule ule alipokuwa akijifunza herufi. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa Kiswahili aliianza lugha hiyo akiwa mgeni kwake. Mwalimu anayemkuta mtoto mkubwa darasani, au mtoto aliyeletwa mjini kutoka bara akiwa hajakizoea Kiswahili, asifanye haraka kumhesabu kuwa mzito wa akili. Pengine kinachokosekana ni lugha, wala si uwezo.

Mwaka 1937 alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, alikosomea ualimu hadi mwaka 1945. Alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha historia na elimu ya viumbe katika Shule ya Mtakatifu Maria. Hakutosheka na darasa la mchana, maana aliwafundisha pia watu wazima wa mjini lugha ya Kiingereza bila malipo. Mwaka 1949 aliiacha kazi hiyo kwa muda, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, na mwaka 1952 akapata shahada ya M.A. Tunaona basi kwamba alikwisha kuwa mwalimu mwenye cheti na mwenye kazi, na bado akakubali kukaa tena kwenye dawati la mwanafunzi.

Aliporejea, alifunga ndoa na Bibi Maria mwezi Januari 1953, kisha akaajiriwa kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa. Kazi hizo mbili hazikuweza kukaa pamoja kwa muda mrefu. Baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa, New York, mwezi Machi 1955, ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, naye akaacha kazi ya kufundisha pamoja na mshahara wake. Alirudi kwao kwa miezi kadhaa, na huko aliwafundisha Kizanaki mapadre wa shirika la Maryknoll na kuwasaidia kazi ya kutafsiri. Halafu alirejea Dar es Salaam na kuishi Magomeni, katika Kinondoni, katika nyumba ambayo imehifadhiwa iwe makumbusho. Wanachuo walio karibu wafanye bidii ya kuizuru.

Kazi za uongozi hazikumwondoa katika vitabu. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye shughuli za taifa zima mabegani alikuta nafasi ya kupima neno moja moja la Kiswahili. Sisi walimu tunaosema kwamba hatuna nafasi ya kusoma hata gazeti hatuna budi kulitafakari jambo hili.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe ya kusoma na kuandika. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwaka huo huo Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na katika hotuba ya kufungia mwaka 1969 aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, katika viwanda na katika majengo ya shule za msingi, na walimu wengi walikuwa wale wale waliofundisha watoto asubuhi. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 39, na mwaka 1983 asilimia 15.

Njia iliyotumika inastahili kuangaliwa na kila mwanachuo. Katika mikoa ya ziwa, tangu mwaka 1968, ulifanyika mradi wa majaribio kwa msaada wa UNESCO, na vitabu vya kwanza vya kusomea vilihusu pamba, migomba, uvuvi na kazi za nyumbani. Mkulima alisoma juu ya jambo alilolifanya jana shambani na atakalolifanya tena kesho. Kwa kuwa maana ya maneno aliijua tangu zamani, nguvu yake yote aliiweka katika kutambua maandishi. Ilionekana pia kwamba mtu aliyejua kusoma husahau upesi asipopata kitu cha kusoma, na kwa ajili hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho.

Kwa upande wa watoto, mwezi Novemba 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe shuleni. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi kupita milioni 3 mwaka 1980. Walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Basi makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu nyingine. Walisaidiwa na masomo ya posta, vipindi vya redio na walimu wenye uzoefu waliokuwa karibu nao.

Hapa tusifiche ukweli kwa sababu ya heshima. Mpango ule uliingiza shuleni watoto ambao vinginevyo wasingeiona shule kabisa, lakini pia ulileta madarasa yaliyofurika, vitabu vichache, na walimu waliopewa mzigo kabla hawajapata nguvu za kuubeba. Malalamiko juu ya kushuka kwa ubora yalikuwa ya haki. Nyerere mwenyewe aliunda mwaka 1980 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ichunguze hali ya elimu, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1982. Alikubali kazi yake isahihishwe, kama mwalimu mwema anavyokubali kulirudia somo ambalo darasa halikulielewa.

Je, vijana wale wa darasa la saba waliishia wapi? Wako waliobaki na kile walichopewa mwanzoni, wakakirudia mwaka hata mwaka. Wako pia walioendelea kusoma, wakajiendeleza hadi vyeti vya juu, na wengine wakawa walimu wakuu wanaokumbukwa kwa wema. Wote walianza na mafunzo ya namna moja. Tofauti kati yao ilitokana na yale waliyoyafanya baada ya mafunzo.

Hali hiyo imejirudia kwa namna nyingine. Michango ya shule za msingi ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, watoto walimiminika tena shuleni, na shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, hasa katika Temeke, zilielemewa. Mwalimu katika darasa la namna hiyo hawezi kungoja semina ndiyo ajue la kufanya. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini umeweka njia ya walimu kukutana shuleni na kujadili masomo yao. Njia hiyo itafaa tu ikiwa mwalimu atakwenda na tatizo halisi la darasani mwake, sio kwenda kutia sahihi ya mahudhurio.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache. Kwanza, kila wiki mwalimu awasikilize watoto kadhaa, mmoja mmoja, wakisoma kwa sauti kwa dakika chache, na aandike katika daftari ni silabi zipi zinazowakwaza. Akiwachukua kwa zamu, hata darasa la watoto mia litamalizika kabla ya muhula kwisha. Pili, atafute maandishi ya maisha ya watoto, kama vile majina ya vituo vya daladala, bei za sokoni, karatasi ya kufungia bidhaa, au tangazo la zahanati. Tatu, matokeo ya daftari lake ayapeleke mbele ya wenzake, aulize, na akubali kusahihishwa. Nne, awe na kitabu chake mwenyewe anachokisoma, na watoto wamwone akikisoma.

Nyerere aliacha urais mwezi Novemba 1985, akarudi Butiama. Huko uzeeni aliendelea kuandika, na mwaka 1996 zilichapishwa tenzi alizozitunga kutoka Biblia Takatifu. Alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Miaka aliyofundisha darasani kwa mshahara haikufika 6, ukijumlisha Tabora na Pugu, lakini jina la Mwalimu hakulivua. Ninyi, ndugu wanachuo, mtafundisha kwa miaka 30 au zaidi. Mkitoka hapa na cheti mkononi, mjue kwamba masomo yenu ndiyo kwanza yanaanza, na kwamba mtoto wa Mbagala asiyejua kusoma atakuwa wa kwanza kutambua kama mwalimu wake bado anajifunza.