Al-Hasan bin al-Haytham na Elimu ya Nuru



Katika darsa zetu hapa Nakuru tumeulizwa mara nyingi khabari za hii nuru iitwayo leza, ambayo leo hukata chuma viwandani, hupimia ardhi, na hutumiwa na matabibu katika kutibu macho. Wako wanaodhani kuwa elimu hii ni ya Wazungu peke yao tangu mwanzo hata mwisho, na kwamba Mwislamu hana fungu ndani yake ila kununua. Na wako wengine, nao ni wa kuhurumiwa zaidi, ambao huikimbia hata wanapokuwa na haja nayo. Kwa kuwajibu wote hao tumeona bora tueleze maisha ya mwanachuoni mmoja aliyefariki yapata miaka elfu iliyopita, ambaye kazi yake ni katika misingi ya elimu ya nuru.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraq, yapata mwaka 354 wa Hijriya, yaani 965 Miladiya. Watu wa Ulaya walimwita Alhazen. Alisoma hisabu, elimu ya nyota na maarifa ya Wayunani, hata sifa zake zikaenea katika miji ya Waislamu.

Wanahistoria wameeleza kuwa sifa hizo zilimfikia al-Hakim, khalifa wa ukoo wa Fatimiya aliyetawala Misri. Khalifa alisikia kwamba mtu huyu anaona iko njia ya kuyatawala maji ya mto Nile, yasizidi yakagharikisha, wala yasipungue yakaleta njaa. Akamwita Misri, akampa watu na mali, akamtuma kusini. Ibn al-Haytham alipopanda mto akayaona majengo makubwa ya watu wa kale, jinsi yalivyopimwa na kupangwa kwa ustadi, alianza kushuka moyo. Kwani alifikiri kuwa watu wenye maarifa kama hayo, lau jambo lile lingewezekana, wangelifanya. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan, akatazama kwa makini, akayakinisha kuwa kwa vyombo vya zama zake haliwezekani. Akarudi kwa khalifa, akakiri. Mtu mwingine angelianza kazi ili asifiwe, akala mali ya watu miaka kumi. Yeye hakufanya hivyo. Na bwawa kubwa la Aswan halikuanza kujengwa ila mwaka 1960.

Khalifa alimpa kazi ya uandishi serikalini. Lakini al-Hakim alikuwa mwepesi wa kumwaga damu, na Ibn al-Haytham akaikhofia nafsi yake. Husimuliwa kuwa alijifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani mwake mpaka khalifa alipotoweka mwaka 411 Hijriya, yaani 1021. Hapo akili yake ikadhihiri tena, akakaa karibu na msikiti wa al-Azhar. Hakuomba kwa wafalme. Alikula kwa jasho la kalamu yake, akinakili vitabu vya hisabu na vya nyota na kuviuza. Alifariki Cairo yapata mwaka 430 Hijriya, yaani 1040. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa na tutazame kazi yake. Kabla yake, wakubwa kama Euclid na Ptolemy walikuwa wakifundisha kuwa jicho huona kwa kutoa miali yake yenyewe ikaenda kukigusa kitu. Maneno haya yalipokewa kwa karne nyingi kwa kuwa waliyoyasema ni watu wakubwa. Ibn al-Haytham aliwaheshimu, akavisoma vitabu vyao akavifasiri, lakini hakukubali kuwafuata kwa ukubwa wa majina yao. Alitazama akaona kuwa mtu akilikodolea jua, jicho lake huuma; basi kiko kitu kinachotoka nje kikaingia jichoni. Akathibitisha kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye kitu kuja katika jicho.

Wala hakutosheka na hoja za ulimi. Alijaribu kwa mkono. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu dogo la kuingilia chumba cha giza, na ukutani yakaonekana mabaka ya nuru kwa hisabu ya taa. Alipoifunika taa moja, baka lake peke yake likatoweka, alipoifunua, likarudi. Akajua kwamba nuru hupita katika mistari iliyonyooka, na kwamba nuru za taa nyingi hukutana katika tundu moja zisiharibiane. Hayo na mengineyo aliyakusanya katika Kitab al-Manazir, chenye mafungu saba. Na katika kitabu chake kingine alichombainishia Ptolemy makosa yake, alifundisha kuwa mtafuta haki hana budi kuyashuku maneno ya waliotangulia, na kuishuku hata rai yake mwenyewe, mpaka hoja isimame.

Kitab al-Manazir kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa bidii. Kwa upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi, aliyeishi zaidi ya karne mbili baada yake, alikisherehesha na akaeleza sababu ya rangi za upinde wa mvua. Kisha wenye kuifuata njia hiyo kati yetu wakapungua, na wengine wakaendelea.

Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kwa hisabu kuwa chembe iliyokwisha kupewa nguvu, ikipitiwa na nuru, yaweza kutoa nuru nyingine iliyo sawa na ile. Mwaka 1960, mwezi wa Mei, Theodore Maiman wa Marekani alitumia kito cha yakuti akaitoa leza ya kwanza. Kabla ya mwaka huo kwisha, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, pamoja na wenzake wakaitoa leza ya hewa mbili zilizochanganywa. Tofauti yake na nuru ya taa ni hii: nuru ya taa ni kama watu watokao sokoni, kila mmoja na njia yake na mwendo wake, nuru ya leza ni kama safu za swala, rangi moja, upande mmoja, mwendo mmoja. Kwa umoja huo ndipo nguvu yake hukusanyika katika nukta ndogo, ikakata chuma kisichoshikwa na msumeno.

Manufaa yake ni mengi. Mwaka 1999 Ahmed Zewail, Mmisri, alipewa tuzo ya Nobel kwa kuzitazama chembe zikiachana na kuungana kwa mimweko mifupi mno ya leza. Desemba 2022, huko California, miali 192 ya leza ilielekezwa kwenye punje moja ndogo, na nguvu iliyotoka katika punje hiyo ikazidi ile ya leza iliyoingia. Na ninyi watu wa Mombasa mna ushahidi mlangoni kwenu: tangu mwaka 2009 uko waya wa kioo uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, na khabari zipitazo humo huchukuliwa na nuru ya leza.

Lakini lililo karibu zaidi nasi ni jicho. Katika mwaka 2007 na 2008 matabibu waliwapima watu 4,414 wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Miongoni mwa waliokuwa na ugonjwa wa kisukari, zaidi ya theluthi moja walikuwa wamekwisha kudhurika mishipa ya nyuma ya jicho. Ugonjwa huu mwanzoni hauumi wala haupunguzi kuona. Mtu hudhani yu mzima hata mishipa ivuje damu na giza liingie. Tabibu huweza kutumia leza kuziba mishipa inayovuja na kuizuia mibaya isiote. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa kwa waliofikia daraja ya hatari, tiba hii ilipunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa nusu au zaidi. Lakini kazi yake ni kuhifadhi kuona kulikobaki. Aghalabu hairudishi kulikokwisha potea. Ajaye akiwa amechelewa, huenda asipate alichokifuata.

Basi mwenye kusema kuwa leza itamchoma macho, na ajue kuwa ya kuogopwa ni ile ya mchezo ambayo watoto humulikiana usoni, na hiyo tuwanyang'anye. Iliyo mkononi mwa tabibu mjuzi ni dawa, na Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametuamrisha tujitibu. Kila mwenye kisukari katika nyumba zetu na apelekwe kupimwa macho kila mwaka, ijapokuwa anaona vyema.

Na vijana wetu wasomeshwe elimu hii pamoja na elimu ya dini yao. Katika umma kuwapo matabibu na wataalamu wa kutosha ni fardhi ya kifaya. Wasipopatikana, dhambi ni yetu sote. Ibn al-Haytham hakutuachia jina la kujifakharisha nalo mikutanoni. Alituachia njia, nayo ni kutazama, kujaribu, na kuikubali haki ikidhihiri.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuliko taufiki.