Daktari wa Jicho Moja

Sisi wa Nsambya tumezoea kuona wazazi wakipanda kilima chetu na watoto mgongoni, wakienda hospitali iliyoanzwa na masista mwaka 1903. Mtoto mmoja ana uvimbe puani, mwingine usoni. Uvimbe wa puani mara nyingi si wa hatari. Daktari huukata, mtoto akapumua vizuri. Lakini uko uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Uganda, na aliyeujulisha ulimwengu habari zake ni Daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, upande wa pili wa mji wetu.

Bwana huyu alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Hata hivyo alisoma udaktari, akawa mpasuaji, akaja Uganda mwaka 1946, kwanza Lira, kisha Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuweza kumsaidia. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka upesi, akampima mwili mzima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Akarudi kupekua majalada ya Mulago, akatambua ya kuwa ni ugonjwa mmoja, nao ni kansa. Kisu peke yake hakifai.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Williams na Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu maili 10,000 hivi mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza kila hospitali swali lile lile. Wakaona ugonjwa huo hupatikana penye joto na mvua, si kwenye milima ya baridi. Mwaka 1964 wataalamu wa London, waliopelekewa vipande vya uvimbe kutoka Kampala, wakavumbua kirusi ndani yake.

Burkitt alijaribu pia dawa za kansa. Kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa.

Alifariki mwaka 1993. Basi, ndugu msomaji, ukienda likizo ukaona taya la mdogo wako limevimba, usidhani ni jino tu. Mpeleke hospitali mapema, ukaulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.